Saa Tisa na Dakika Kumi na Nne

Utrecht, Uholanzi
7 Agosti 2023

Mzee wangu Absalom Ondiek,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama Debra. Najua hupendi kuzungumza mambo ya kazi kwenye simu, kwa hiyo nimetafuta bahasha na stempu. Watu wa huku wamenitazama kama mtu aliyeingia benki na kuku.

Nina habari kubwa. Nimepewa satelaiti ya eksirei kwa alasiri mbili, Jumanne tarehe 19 na Jumatano tarehe 20 Septemba. Niliomba kwa miaka mitatu. Itaelekezwa kwenye ile nyota yangu ya nutroni niliyokuonyesha kwenye ramani ulipokuwa unanipikia chai pale kituoni Kisian. Ni mabaki ya nyota iliyolipuka zamani. Imejikunja mpaka upana wake wote hauzidi umbali wa kutoka Kisumu mjini hadi Maseno, na inazunguka mara moja kila sekunde nne. Kwa redio ni kiburi kitupu: inanyamaza saa nzima, inatoa mlio mmoja mfupi, kisha inanyamaza tena. Hakuna ajuaye kwa nini. Nataka kuitazama kwa eksirei wakati uleule inapolia kwa redio. Lazima basi mtu awe anaisikiliza, na sahani kubwa za dunia za kunasa redio ya nyota zimeninyima nafasi. Imebaki sahani yako.

Dkt. Oketch wa chuo ameniambia kompyuta ya kituo iliungua kwa radi. Je, ule mtambo wa zamani wa kalamu, unaochora milio kwenye karatasi, unaweza kufufuka?

Kuhusu saa: sisi hutumia saa za Greenwich, lakini wewe usijisumbue na hesabu hizo, zitakuchanganya bure. Andika saa vile unavyozisema kila siku nyumbani. Mimi nitazigeuza huku.

Kazi yangu yote imekaa juu ya alasiri hizo mbili, Mzee. Nakutegemea.

Binti yako,
Janice Mumbi Waweru


Kisian
26 Agosti 2023

Nyathina, mtoto wangu Janice,

Barua imefika. Mama Debra anakusalimu, macho yanamsumbua lakini ulimi uko salama.

Mtambo wa kalamu umefufuka. Nimeufunga kalamu mbili. Ya juu inasikiliza masafa ya juu, ya chini inasikiliza masafa ya chini. Mlio uliotoka mbali kweli hufika kwa kalamu ya juu kwanza, kisha ya chini baada ya karibu sekunde tano, kwa sababu njiani angani kuna vitu vinavyochelewesha masafa ya chini. Cheche ya pikipiki ya barabara ya Busia hugonga kalamu zote mbili kwa pamoja. Kwa hiyo mwongo atajulikana palepale kwenye karatasi.

Saa yangu nitaisawazisha na mlio wa habari za redio ya taifa, kama tulivyofanya enzi zangu za Posta.

Hapo kwa Greenwich umenichekesha kidogo na kuniuma kidogo. Nilifanya kazi ya teleksi miaka thelathini na mmoja, nikiandika saa za Greenwich kabla mama yako hajakubeba mgongoni. Lakini kazi ina mwenyewe, na mwenyewe amesema niandike saa za nyumbani. Nitaandika za nyumbani.

Nakukumbuka ukiwa mdogo hivi, chini ya kaunta ya duka la Waweru baba yako, ukifungua redio za wateja bila ruhusa. Leo unafungua nyota.

Mimi baba yako wa Kisian,
Absalom Ondiek


Kisian
21 Septemba 2023

Nyathina,

Kumi na moja! Jumanne saba, Jumatano nne.

Nilikaa na ile karatasi tangu nyota ilipochomoza mpaka jua likaingia ziwani. Wa kwanza ulikuja Jumanne saa tisa na dakika kumi na nne na sekunde saba. Kalamu ya juu iliruka, nikaacha kupumua, nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, na ya chini ikaruka. Nilisimama peke yangu kwenye chumba kile nikapiga makofi, mzee mzima.

Kando ya kila mlio nimeandika saa kwa mkono wangu. Orodha ya saa nimempa Dkt. Oketch aipige chapa akutumie kwa kompyuta. Karatasi yenyewe nimeikunja na kuifungia kabatini. Siku ukiitaka, iko.

Absalom


Utrecht
30 Oktoba 2023

Mzee Ondiek,

Sijui nianze vipi, kwa hiyo nitaanza na lililonipata.

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya watu sitini, wale walionipa satelaiti. Nikaweka orodha yako ukutani, milio kumi na mmoja. Mzee mmoja wa Kitaliano akainua mkono akauliza kwa upole: wakati huo nyota ilikuwa wapi kwenye anga la Kisumu? Nikapiga hesabu palepale mbele yao. Haikuwa imechomoza, Mzee. Milio yote kumi na mmoja, nyota ilikuwa chini ya miguu yenu. Na satelaiti yenyewe haikuwa imeanza kutazama. Kuna mtu alicheka. Sikumwona ni nani, na hadi leo nawatazama wote nikijiuliza.

Ulirekodi nini? Pikipiki? Waya wa umeme? Au ulikaa na kalamu ukanitungia milio kwa sababu ulinihurumia? Hilo la mwisho linaniumiza kuliko yote, kwa maana nakujua, unaweza kumwonea mtoto huruma mpaka ukamharibia.

Nilikuambia kazi yangu yote imekaa juu ya alasiri mbili. Alasiri, Mzee. Wewe umeniletea asubuhi.

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Sikudhani ningekuja kuliandika neno hilo kwenye barua ya kwako. Nakala ya barua hii nimempelekea Dkt. Oketch, kwa sababu kituo ni cha chuo na lazima wajue.

Janice M. Waweru


Kisian
17 Novemba 2023

Daktari Waweru,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili nimekaa, ya tatu Mama Debra ameninyang'anya kwa sababu nilikuwa nabishana nayo kwa sauti. Nimekasirika. Nakuandikia hivyo waziwazi usije ukafikiri ni uzee.

Unasema nimekuletea asubuhi. Asubuhi gani? Asubuhi ya Jumanne na ya Jumatano kituo kilikuwa na kufuli. Nilikuwa kliniki ya macho mjini na mke wangu, siku zote mbili, na tulitoka huko saa sita kasoro. Kitabu cha wagonjwa kina majina yetu. Mtu ambaye hayupo anarekodi vipi?

Karatasi yangu ina kalamu mbili. Nilikueleza. Milio yote kumi na mmoja, ya juu imetangulia na ya chini ikafuata. Hakuna pikipiki duniani inayofanya hivyo. Uliiomba hiyo karatasi? Hukuiomba. Ulitazama nambari alizopiga mtu mwingine, ukamwita mwongo mtu aliyekufundisha kushika chuma cha kulehemu usiungue vidole.

Kama unadhani nimetunga, panda ndege uje uisome. Kabati liko, ufunguo ninao.

Absalom Ondiek
Fundi, Kituo cha Kisian


Utrecht
8 Desemba 2023

Bwana Ondiek,

Asante kwa kuandika ukweli hata kama hukukusudia.

Orodha yako inaanza saa sita na robo hivi baada ya siku kugeuka Greenwich, yaani asubuhi ya Kenya, na inakwisha kabla ya chakula cha mchana. Sasa umekiri kwa mkono wako kwamba saa hizo zote kituo kilikuwa na kufuli na wewe ulikuwa kliniki. Sina la kuongeza. Sihitaji karatasi iliyochorwa na mtambo ambao fundi wake hakuwepo.

Nimewaandikia chuo kwamba naondoa jina langu kwenye kituo cha Kisian. Satelaiti sitapewa tena, wamenieleza kwa adabu. Nimelia, kisha nimeacha kulia, na kilichobaki ni hasira tu. Ulikuwa mtu wa mwisho niliyemwamini bila kumkagua.

Tafadhali usiniandikie tena.

Dkt. J. M. Waweru


Luanda Kotieno
19 Februari 2024

Dkt. Waweru,

Umesema nisikuandikie. Hii si barua, ni mzigo wako naurudisha. Maneno haya ni ya kufungia.

Januari tarehe 16 kamati ya chuo ilikuja Kisian. Dkt. Oketch alisoma barua zako mbili kwa sauti, nje, mbele ya mlinzi na mama wa chai na mafundi waliokuja na mitungi ya gesi. Nikaulizwa kama nilikuwa kliniki asubuhi ile. Nikasema ndiyo. Wakatazamana. Nikaambiwa nitoe ufunguo, kituo kimefungwa.

Sahani waliikata siku tatu. Fundi aliyekata, Wesonga, ni mtu mzuri, aliniuliza kama ningependa kuondoka kwanza nisione. Nikakaa. Vipande vilienda Mamboleo. Ukipita pale njia panda leo utaona kimoja kimeezeka kibanda cha chipsi. Kinameta vizuri.

Nikarudi nyumbani hapa Luanda Kotieno. Ushirika wa samaki ulikuwa umenipa mizani ya ufukweni kabla habari haijafika, kwa sababu walitaka mtu wa kuandika kilo asiye na samaki wala mtumbwi wala shemeji. Kisha habari ikafika na feri, kama kila kitu. Juzi mama mmoja, Amolo, alileta sangara wake. Nikapima, nikaandika kumi na sita. Akanitazama mkono, akasema mbele ya foleni nzima: "Pima tena, Mzee. Nasikia wewe huandika vitu ambavyo havikuwa."

Nikapima tena. Ilikuwa kumi na sita. Sijawahi kupimishwa mara mbili tangu nizaliwe, Janice. Sasa kila mama anasema pima tena.

Usiku huo sikutaka kula. Mama Debra akaniambia nifungue bahasha ya kamati niliyoitupa sandukuni, nijue angalau nimehukumiwa kwa lipi. Nikafungua. Walikuwa wameambatisha orodha ya Dkt. Oketch. Mstari wa kwanza: 9:14:07, na kando yake ameongeza neno lake mwenyewe, asubuhi.

Nilicheka. Kisha nikatoka nje kwa sababu nilitaka kuvunja kitu na vyote vilivyokuwa ndani ni vya mke wangu.

Saa tisa na dakika kumi na nne, Daktari. Saa tisa ya mchana. Saa tisa watoto wakitoka shule. Saa tisa hii hii uliyozaliwa nayo. Baba yako Waweru alikuwa anafungua duka saa mbili kila siku ya Mungu, na jirani zake wote walijua ni saa mbili ipi. Wewe ulidhani alikuwa anawauzia wachawi usiku?

Ndani ya mzigo kuna karatasi yote ya kalamu, mita ishirini na nane. Juu yake nimebana nakala ya barua yako ya tarehe 7 Agosti. Halisi nimebaki nayo. Soma mahali nilipopiga mstari: andika saa vile unavyozisema kila siku nyumbani. Mimi ningekuandikia Greenwich mpaka sekunde. Wewe ndiye uliyeona itanichanganya.

Nilikutii. Hilo ndilo kosa langu lote.

A. Ondiek


Utrecht
20 Machi 2024

Mzee Absalom,

Mzigo ulifika Ijumaa. Niliitandaza karatasi kwenye korido ya ofisi, kutoka mlango wangu hadi ngazi, na nikatembea kwa magoti kutoka mlio wa kwanza hadi wa kumi na moja. Kalamu ya juu, kisha ya chini. Kila mara. Watu walipita pembeni wakijibana ukutani.

Nilisogeza saa zako kwa saa sita. Kitu kidogo hivyo. Milio yote ikaingia ndani ya alasiri zangu mbili, yote kumi na mmoja, nyota ikiwa juu ya ziwa na satelaiti ikiitazama.

Acha nikuambie ulichokikamata, kwa sababu ni chako. Kwenye eksirei ile nyota hainyamazi kabisa. Ina joto la digrii milioni moja, na ina doa moja lenye joto zaidi, linatugeukia na kutupa kisogo kila sekunde nne. Nimeiweka karatasi yako juu ya eksirei. Kila mlio ulikuja doa lilipokuwa linatuelekea. Na mlio ukija, eksirei haibadiliki hata kidogo, haipandi wala haishuki. Tulidhani inalala kisha inaamka. Hailali. Iko na moto wakati wote, ila huongea mara chache. Hakuna mtu aliyekuwa ameliona hilo kwenye nyota hii kabla ya karatasi yako.

Na mimi nilisoma 9:14 nikaona asubuhi. Mimi, mtoto wa Kisumu. Ningekuwa nyumbani, mtu akiniambia saa tisa, ningejua. Lakini niliiona kwenye jedwali, na kwenye jedwali nilikuwa nimeshakuwa mtu mwingine. Barua yako ya Agosti, ile ya teleksi, niliisoma nikatabasamu, nikasema Mzee naye, nikaiweka. Ulipoandika kwamba ulikuwa kliniki asubuhi, ulikuwa unanipa jibu mkononi, nikalitumia kukupiga nalo. Nimejikasirikia.

Nimemwandikia Dkt. Oketch na kamati nzima. Nimesema kosa ni langu. Sahani siwezi kuirudisha, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini makala inaandikwa, na jina lako litatangulia langu.

Naomba uniruhusu nikupigie nikuombe msamaha kwa sauti. Natamani, kama ile nyota, uwe umeninyamazia tu lakini joto bado lipo. Desemba nikipata likizo nitajaribu kuja.

Binti yako, kama bado,
Janice


Luanda Kotieno
12 Aprili 2024

Janice,

Barua imefika, na ya kamati pia imefika. Wanasikitika. Wameandika neno hilo mara moja, katikati ya ukurasa wa pili.

Usinifananishe na nyota. Nyota haina jina la kuchafuliwa, na hakuna anayeisimamisha kwenye mizani ikaambiwa pima tena. Bado nimekasirika. Nikiamka nimekasirika, nikinywa chai nimekasirika, na Mama Debra ameanza kuniwekea sukari bila kuniuliza. Hasira hii haiishi kwa sababu umeisoma karatasi vizuri mwaka huu. Ungeisoma vizuri mwaka jana.

Ruhusa ya kunipigia simu sikupi. Msamaha wa simu hauna shahidi. Ulinichafua kwa karatasi iliyosomwa mbele za watu, basi usinisafishe sikioni.

Jina langu kwenye makala usilitangulize. Nyota ni yako, uliitafuta miaka mitatu. Mimi niliisikiliza alasiri mbili. Niweke nyuma, mahali pa fundi, lakini saa ziandikwe vile nilivyoziandika mimi, na zako za Greenwich kando. Atakayesoma ajue kwamba mtu wa Kisian hakukosea.

Halafu hilo la doa la joto. Nimelifikiria sana nikiwa hapa mizanini. Kila mlio doa likituelekea. Nimefurahi, sitakuficha. Nimefurahi na nimekasirika kwa pamoja, na ni kazi nzito kwa mtu wa umri wangu.

Desemba ni mbali. Kinamama wa samaki wana mkutano Jumamosi tarehe 18 Mei, hapahapa ufukweni, wote, na Amolo ndiye mwenyekiti. Utakuja. Habari za nyota usiwaambie, hazitawashughulisha. Utasimama kando ya mizani na kusema maneno matatu: mimi nilimwambia aandike hivyo, akaandika hivyo, nikamwita mwongo. Sema kwa Kiswahili, mimi nitatafsiri kwa Dholuo, na sitapunguza wala sitaongeza. Amolo atakuuliza maswali. Mjibu. Ukimaliza nitapima sangara wake mara moja, niandike, na tuone kama atasema neno.

Baada ya hapo utakula kwangu. Mama Debra ameshaanza kupanga, na mimi sikumkataza.

Mizani hufunguliwa saa moja. Sitakuandikia ni saa moja ipi.

Absalom Ondiek